Kware wa Nyama: Protini ya Baharini, Nguvu ya Bara

Katika ndege wote wafugwao majumbani, hapana amharakishaye mfugaji wake kama kware. Kifaranga wake hutoka katika yai baada ya siku 17 au 18, naye huwa na uzito wa gramu 7 hadi 10 tu. Baada ya majuma 5 au 6 ndege yuleyule huwa amefikia gramu 150 hadi 200, tayari kwa kuchinjwa. Kuku wa kienyeji kwa umri huo bado anafuata nyayo za mamaye jalalani. Wepesi huu wa kukua ndio uwavutao watu wengi kumfuga kware, na ndio pia uwatiao wengi hasara. Kiumbe ajijengaye upesi hudai vifaa vya ujenzi upesi, na siku alizokosa kupewa hazirudi tena.

Wiki hii, ndugu msomaji, tutazame swali moja linalowahusu hasa wenzetu wa pwani ya Kismayu na visiwa vya Wabajuni, toka Koyama hadi Chovai na Chula: je, mtu wa huko aweza kumlisha kware wa nyama kwa vitu alivyo navyo, bila ya kungoja magunia ya chakula cha dukani? Jibu ni kwamba aweza, lakini kwa masharti. Na sharti la mwisho ni kubwa kuliko yote, nalo linahusu watoto wake zaidi kuliko ndege.

Ndege huyu ni nani?

Kware asichanganywe na kwale. Kwale ni ndege wa porini aliye mkubwa zaidi, wa jamii ya kereng'ende. Kware ni mdogo na mviringo, mwenye rangi ya majani makavu. Wasomaji wengi wa pwani wamelisikia jina la salwa tangu chuoni, kwa kuwa wafasiri wengi wa Kurani hulieleza kuwa ni ndege wa jamii hii. Kware afugwaye leo asili yake ni Asia ya Mashariki. Wajapani ndio waliomzoesha kizimba, kwanza kwa ajili ya sauti yake, na baadaye, katika karne ya 20, kwa ajili ya mayai na nyama. Kwa kufugwa muda mrefu ameacha desturi ya kuatamia. Hivyo mayai yake huanguliwa kwa mashine au huwekwa chini ya kuku mdogo anayeatamia.

Kwa Kiswahili cha Afrika Mashariki jina lake lilivuma sana mwaka 2013 huko Kenya. Watu wa magharibi ya nchi hiyo walikuwa wakimla tangu kale: Waluo, wamwitao aluru, na Waluhya walimtega kware wa porini kwa kutundika juu ya nguzo ndefu vikapu vyenye ndege wa kuwaita wenzao. Lakini mwaka huo ilitangazwa huku na huku kwamba mayai ya kware ni dawa ya maradhi mengi. Bei ya yai moja ikapanda hadi makumi ya shilingi, na watu wakaenda kwa wingi kuomba vibali vya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Ulipoingia mwaka 2014 bei iliporomoka. Wafugaji wengi wakabaki na vizimba vilivyojaa ndege wasio na mnunuzi, nao ndege hao wanataka kula asubuhi na jioni.

Funzo lake ni dhahiri. Uvumi wa dawa ulipokwisha, kilichobaki kilikuwa ni nyama na yai, kama ilivyo kwa ndege mwingine yeyote. Na katika ufugaji wa ndege wa nyama, zaidi ya nusu ya gharama huingia katika chakula. Asiyejua kware anahitaji nini hawezi kujua kama anapata au anapoteza.

Chakula cha kujenga mwili

Sote tumefundishwa kwamba kuna vyakula vya kujenga mwili, vya kutia nguvu na vya kulinda mwili. Fungu la kwanza ndilo liitwalo protini. Wataalamu wa lishe ya ndege wameafikiana kwamba kware anayekua anahitaji protini sehemu 24 katika kila sehemu 100 za chakula chake. Kiasi hicho ni kikubwa. Chakula cha vifaranga vya kuku kiuzwacho madukani aghalabu huwa na sehemu 18 hadi 20 tu. Mfugaji anayewapa kware chakula hicho katika majuma matatu ya mwanzo huona ndege wake wanaishi, lakini hawakui kwa kulingana: mmoja mkubwa, mwenzake nusu yake, manyoya machache, na tabia ya kudonoana.

Yafaa ieleweke pia kwamba protini si kitu kimoja. Imeundwa kwa viungo vidogo viitwavyo asidi za amino, na ndege hawezi kujitengenezea vyote. Mfano wake ni nyumba ya mawe ya pwani. Fundi akiwa na mawe na chokaa tele lakini boriti zikamwishia, dari haitapanda, hata akirundika mawe mpaka mlangoni. Katika chakula cha kware boriti hizo ni hasa lisini na methionini. Kware anayekua anahitaji lisini sehemu 1.3 na methionini sehemu 0.5 katika 100 za chakula. Mahindi ni maskini wa lisini. Ufuta, yaani simsim, una methionini nyingi lakini lisini chache. Samaki anazo zote mbili kwa wingi. Ndiyo maana simsim na samaki wakikutana katika chombo kimoja, upungufu wa huyu hujazwa na utajiri wa yule.

Protini ikizidi nayo haina faida. Mwili wa ndege hauna ghala ya kuiweka. Huivunja na kuitoa pamoja na kinyesi. Banda hulowa na kunuka harufu kali inayochoma macho, na mfugaji huwa ametumia fungu lenye thamani kuliko yote ili kupata uvundo.

Chakula cha kutia nguvu

Nguvu hupimwa kwa kilokalori. Kware anayekua anahitaji chakula chenye kilokalori 2,900 hivi katika kila kilo. Wanga na protini hutoa kilokalori 4 kwa gramu moja, na mafuta hutoa 9. Kabla ndege hajaongeza hata gramu moja ya nyama, hapana budi alipie kwanza joto la mwili, pumzi na mwendo. Kifaranga wa kware, kwa udogo wake, hupoteza joto upesi mno. Juma la kwanza anataka joto la nyuzi 35 hadi 37 za Selsiasi, kisha lipunguzwe nyuzi 3 hivi kila juma. Usiku wa upepo wa kusi, kifaranga asiye na taa au jiko la makaa karibu yake hula chakula ili asife kwa baridi tu. Kukua hakumo katika hesabu yake.

Sasa msomaji aweke mafungu haya mawili pamoja, kwani hapa ndipo wengi wanapokosea. Ndege hula mpaka haja yake ya nguvu itimie, kisha huacha. Chakula kikiwa na nguvu nyingi na protini chache, yaani mahindi matupu au mafuta mengi, kware hushiba mapema kabla hajapata protini ya kutosha. Hunenepa tumboni, na kifua chake hubaki chembamba. Kinyume chake, chakula kikiwa na protini nyingi na nguvu haba, ndege huichoma protini ile ili apate joto, kama mtu achomaye boriti za nyumba yake ili apikie chai. Kwa hiyo kipimo chema ni ule uwiano: kilokalori 2,900 kwa sehemu 24 za protini. Kimoja kikipanda, na mwenzake apande.

Kilicho mlangoni na kijacho kwa mashua

Mfugaji wa bara hulalamikia bei ya protini, kwa sababu mahindi yapo shambani kwake na samaki yuko mbali. Kwa mtu wa visiwani mambo ni kinyume. Protini inakaa mlangoni pake: vichwa, miiba, matumbo na samaki wadogo wasiouzika. Nguvu ndiyo ijayo kwa mashua, kwa kuwa mahindi na mtama hutoka bonde la Juba, pande za Jamaame na Jilib, hupitia soko la Kismayu, kisha huvushwa. Mvua ikikosekana bondeni, kama ilivyotokea katika ukame wa mwaka 2011 ulioleta njaa kusini mwa Somalia, nafaka huwa haba hata kwa watu. Hivyo mfugaji wa Chovai hana budi kuyahesabu mahindi kwa uangalifu uleule ambao mwenzake wa bara huhesabu samaki.

Tuvitazame vitu vyenyewe.

Mahindi yana protini sehemu 9 hivi na kilokalori 3,350 kwa kilo. Yasagwe laini, maana mdomo wa kifaranga ni mdogo. Mtama wafaa vilevile, na protini yake huzidi kidogo. Nafaka iliyoota ukungu isitumiwe kabisa. Sumu ya ukungu, iitwayo aflatoksini, huharibu ini la vifaranga.

Mashudu ya simsim, yaani makapi yanayobaki baada ya mafuta kukamuliwa, yana protini sehemu 40 hivi. Yatokayo katika kinu cha kuzungushwa na ngamia hubakiwa na mafuta zaidi kuliko ya mashine, kwa hiyo yana nguvu zaidi, lakini huvunda mapema. Yasizidi robo ya chakula.

Unga wa samaki uliotengenezwa nyumbani huwa na protini sehemu 55 hivi. Vichwa, miiba na matumbo vichemshwe kwanza ili vijidudu vife, vikamuliwe mafuta, vianikwe juu ya chanja hadi vikauke kabisa, kisha vitwangwe na kuchekechwa. Bunju asiingie hata kidogo, wala matumbo yake. Sumu yake haiondoki kwa kuchemshwa. Maganda ya kamba nayo yasitegemewe sana: sehemu ya kile kinachopimwa humo kama protini imo katika gamba lenyewe, na tumbo la ndege haliisagi vizuri.

Ng'onda na papa wa chumvi wasitumiwe. Kware anahitaji chumvi kiasi cha gramu 4 tu katika kilo ya chakula. Samaki wa chumvi aweza kuwa na sehemu 15 za chumvi katika 100. Akitiwa kilo 18 katika kilo 100 za chakula, chumvi hufikia gramu 27 kwa kilo, karibu mara 7 ya haja. Vifaranga watakunywa maji bila kukoma, watahara na kufa. Kwa sababu hiyohiyo maji ya kisima chenye magadi au chumvi si salama; wapewe maji ya mvua yaliyohifadhiwa birikani. Chombo cha maji kitiwe vijiwe ili kifaranga asizame.

Machicha ya nazi yana mafuta, nayo huongeza nguvu. Lakini yana nyuzinyuzi nyingi. Wapewe kidogo ndege waliovuka juma la tatu, na yawe ya siku ileile. Ama sifa, yale mafuta ya maini ya papa yapakwayo vyombo vya baharini, yaachiwe mbao. Mafuta ya samaki yaliyovunda huharibu vitamini mwilini mwa ndege na kuitia nyama harufu isiyotoka.

Namna ya kuchanganya

Kwa majuma matatu ya mwanzo, katika kila kilo 100 za chakula: mahindi kilo 59, unga wa samaki kilo 18, mashudu ya simsim kilo 22, na mchanganyiko wa vitamini na madini wa maduka ya dawa za mifugo kilo 1. Msomaji aihakiki hesabu. Mahindi yanaleta protini kilo 5.3, samaki 9.9, simsim 8.8, jumla 24. Nguvu yake ni kilokalori 2,980 hivi kwa kilo. Mwenye ndege wachache agawe kila tarakimu kwa 10 na achanganye kilo 10.

Kuanzia juma la nne kasi ya kukua hupungua, na protini yaweza kushuka hadi sehemu 20: mahindi kilo 67, samaki 10, simsim 22, vitamini na madini 1. Samaki amepunguzwa pia kwa ajili ya mlaji, kwani nyama hubeba harufu ya kile alichokula ndege. Juma la mwisho mwenye kunde azipike, azikaushe na kuzisaga, ziingie mahali pa samaki. Majani ya mchicha au mzunze yaliyokatwa laini yaongezwe kila siku.

Magamba ya chaza yaliyosagwa yasitiwe katika chakula cha ndege wanaokua. Mahitaji yao ya chokaa ni sehemu 0.8 tu katika 100, na miiba ya samaki pamoja na simsim imekwisha kuyatimiza. Magamba ni ya majike watagao, ambao huhitaji sehemu 2.5.

Kisha mfugaji apime. Mizani ya sonara yatosha: ndege 10 watiwe kikapuni kwa pamoja, na jumla igawanywe. Kware wa kawaida mwisho wa juma la pili awe na gramu 50 hadi 60, juma la nne 110 hadi 130, juma la sita 150 na kuendelea. Walio chini sana ya hapo wana upungufu wa kitu, na upungufu huo utafutwe siku hiyo. Wahenga walisema ng'ombe hanenepi siku ya mnada, na kware, ambaye mnada wake uko majuma sita tu mbele, ndiye mwenye haki zaidi ya kutajiwa methali hiyo.

Jambo la msimu lisisahauliwe. Wakati wa kaskazi bahari hutulia, samaki ni wengi na jua ni kali. Huo ndio wakati wa kukausha unga wa samaki na kuweka akiba ya mahindi mahali pakavu, juu ya dungu lisilofikiwa na panya. Kusi likivuma, vyombo vidogo huketi pwani, na mashua ya Kismayu haina ahadi. Anayeangua vifaranga wakati huo bila akiba amejitakia mwenyewe. Wakati wa joto kali nao, ndege hula kidogo. Wapewe chakula alfajiri na jioni.

Hesabu ya mwisho

Kware mmoja hula gramu 500 hadi 700 tangu kuanguliwa hadi kuchinjwa. Familia yenye kware 50 itatumia chakula kilo 30 hivi. Humo, kwa vipimo tulivyotoa, mna unga wa samaki karibu kilo 4, ambao umetokana na takriban kilo 15 za samaki mbichi. Ndege hao 50 wakichinjwa na kusafishwa watatoa nyama, pamoja na mifupa yake, kilo 6 hadi 7.

Tazama hesabu hiyo, ndugu msomaji. Kama zile kilo 15 zilikuwa vichwa, matumbo na miiba ambayo ingetupwa ufukoni ikaliwa na kunguru, basi nyumba hiyo imepata nyama kutokana na takataka, na mama mwenye kizimba amefanya kazi ya busara. Lakini kama zilikuwa tasi na changu wazima wa kuliwa, basi nyumba imetoa chakula kingi cha kujenga mwili ikarudishiwa kidogo, na juu yake imepoteza mahindi. Hapana ndege duniani arudishaye yote aliyolishwa.

Nasi twajua ni nani huumia kwanza hesabu hii ikikosewa. Mtoto aliyeachishwa ziwa, mwenye mwaka mmoja hadi mitatu, naye yumo katika kujijenga upesi kama kifaranga. Mara nyingi samaki mzuri hupelekwa sokoni Kismayu, na mtoto wa mvuvi akabakiwa na sima na chai ya rangi. Mtoto huyo huonekana ameshiba, na tumbo lake limejaa, kumbe amepewa nguvu bila vifaa vya kujengea. Nywele zikianza kuwa nyekundu na miguu ikavimba, ni dalili kwamba mwili wake unachoma boriti zake. Apelekwe kwa mganga wa hospitali bila kukawia.

Kwa hiyo mwenye kutaka kufuga kware na aanze na ndege 20 au 30, si 500. Aanze pia kwa kupanga samaki wa siku kwa mafungu matatu: minofu ya watoto na wakubwa wa nyumbani itengwe kwanza, fungu la pili liende sokoni, vichwa, miiba na matumbo ndivyo viende chanjani kwa ajili ya ndege. Na kware wa kwanza atakayechinjwa, kabla ya kutafutiwa mnunuzi mjini, kifua chake kichambuliwe kiwekwe katika sahani ya yule mdogo kuliko wote.